Kamongo, Chura na Siri ya Figo

Mchuuzi wa samaki kando ya Ziwa Victoria hahitaji kumtambulisha kamongo. Humtoa kwenye beseni akiwa bado anajipinda: mwili mzito wa rangi ya tope, mrefu kama mkono wa mtu mzima na mara nyingine kama mtu mzima mwenyewe, macho madogo, na mapezi manne membamba yanayoning'inia kama nyuzi. Jina hilo ni la Wajaluo. Uganda anaitwa emmamba, naye ni mwiko wa ukoo mmojawapo mkubwa wa Baganda, kwa hiyo aliyezaliwa katika ukoo huo hamli. Kwa Kiswahili wengine humwita kambare mamba, ingawa si kambare wala si mamba. Ni samaki mwenye mapafu. Matamvua anayo, lakini hayamtoshi, na ukimzuia asipande juu kuvuta hewa atakufa maji kama wewe na mimi.

Mwaka 1928 alifika ziwani Mmarekani wa miaka 33, Homer Smith, aliyekuwa ndiyo kwanza anashika kazi ya uprofesa wa fiziolojia katika New York University. Alimtaka kamongo, tena akiwa hai. Wavuvi waliomwona lazima walishangaa, maana mgeni huyu hakuwa na haja ya mnofu. Alitaka kujua samaki huyu anafanyaje na mkojo wake pale ziwa linapokauka.

Swali hilo linachekesha mpaka ujue limetoka wapi. Nyuma yake kulikuwa na ugomvi wa wataalamu uliodumu karne nyingi kuhusu viungo viwili vya nyama nyekundu, vyenye umbo la punje ya haragwe, vilivyojificha mgongoni chini ya mbavu za mwisho, kila kimoja kikiwa na uzito wa gramu 150 hivi. Kila mchinjaji alivijua. Hakuna aliyejua vinaifanyaje kazi yake.

Nasema kila mchinjaji kwa sababu hoja hiyo ni ya zamani sana. Galen, tabibu Mgiriki aliyezaliwa Pergamo mwaka 129, katika nchi inayoitwa leo Uturuki, aliwasuta wenzake kwa hoja hiyohiyo: hata wauza nyama wameona mirija miwili inayotoka kwenye figo ikashuka hadi kwenye kibofu, ninyi mnaojiita matabibu hamuioni? Aliokuwa akiwasuta ni wafuasi wa tabibu Asclepiades, waliofundisha kwamba maji tunayokunywa hugeuka mvuke tumboni, mvuke ukapenya hadi kwenye kibofu na humo ukawa maji tena. Kwao figo zilikuwepo tu.

Galen hakuishia kwenye maneno. Alimpasua mnyama aliye hai, akaifunga ile mirija miwili kwa uzi. Kibofu kikabaki kitupu, na mirija ikavimba juu ya fundo hadi ikakaribia kupasuka. Akafungua uzi, mkojo ukashuka. Kisha akafunga njia ya nje, akangoja kibofu kijae, akakikamua kwa mkono: hata tone moja halikupanda kurudi kwenye mirija. Leo tunajua sababu. Mirija hiyo, yenye urefu wa sentimita 25 hadi 30, huingia ukutani mwa kibofu kwa mshazari, na kibofu kikijaa ukuta wenyewe huibana. Tena mkojo haushuki kwa uzito wake kama maji ya bomba. Misuli ya mirija huusukuma kidogo kidogo kwa mawimbi, ndiyo maana mtu aliyelala chali bado kibofu chake hujaa.

Lakini alipoulizwa figo huupataje mkojo kutoka kwenye damu, Galen alijibu kwamba zina nguvu ya kuuvuta. Jibu hilo halikuwa jibu, ila lilivaa joho la heshima likakaa kwenye kiti kwa zaidi ya miaka 1,400. Katika muda huo elimu ya mkojo wenyewe ilinawiri. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliupanga katika kitabu chake cha tiba, Qanun, kwa rangi, uzito, harufu, povu na mashapo, na matabibu wa Bara Arabu, Uajemi na Ulaya walibeba chupa za kioo wakiunyanyua mbele ya dirisha. Walisoma barua kwa umakini mkubwa bila kumjua mwandishi.

Nyama ya figo yenyewe ilidhaniwa kuwa donge tupu hadi mwaka 1662, pale Lorenzo Bellini, kijana wa miaka 19 wa Pisa, alipochapisha kitabu akionyesha kwamba donge hilo ni fungu la vijirija vyembamba mno. Miaka minne baadaye Marcello Malpighi alipiga wino mweusi uliochanganywa na pombe kali katika mshipa mkuu wa figo, akatazama kwa hadubini, akaona vitu kama vitufe vyeusi vimening'inia kwenye mishipa mithili ya matofaa kwenye tawi. Vitufe huku, vijirija kule. Alihisi vinaungana, asiweze kuthibitisha. Hadubini za wakati wake zilimwishia hapo, na mambo yakalala kwa karibu miaka 180 tena.

Yalipoamka, yaliamka mahali pawili mwaka mmoja. Mwaka 1842, William Bowman huko London, kijana aliyekuwa hajatimiza miaka 26, alionyesha kwamba kila kitufe ni fundo la vishipa vya damu vyembamba, na kwamba fundo hilo limekaa ndani ya kikombe, na kikombe hicho ndicho mwanzo wa kijirija. Mwandishi wa barua sasa alikuwa na uso. Mwaka huohuo huko Marburg, Ujerumani, Carl Ludwig, aliyezaliwa mwaka mmoja na Bowman, alitazama umbo hilohilo akatoa maelezo ya kimashine kabisa. Alisema msukumo wa damu hulazimisha maji ya damu yapenye kuta za vishipa na kudondokea kwenye kikombe, pamoja na chumvi, sukari na uchafu, bila ubaguzi isipokuwa kwa vitu vikubwa kama protini na chembe za damu. Halafu, kadiri maji yanavyosafiri kwenye kijirija, mengi hurudi kwenye damu. Kinachobaki ndicho mkojo.

Bowman aliona vingine. Kwake kitufe kilitoa maji ya kusuuzia tu, na kazi ya kuutoa uchafu ilikuwa ya kuta za kijirija, ambazo huutambua na kuutema, kama tezi zinavyotema mate. Kwa akili ya kawaida Bowman alikuwa na hoja nzuri zaidi. Kwa nini kiumbe kimwage mali yake yote nje kisha kianze kuiokota?

Aliyelipiga wazo la Ludwig kwa nguvu zaidi alikuwa Rudolf Heidenhain wa Breslau. Alichukua kalamu mwaka 1883 akapiga hesabu. Mtu hutoa urea gramu 35 hivi kwa siku. Katika damu urea ni kidogo, kama nusu gramu kwa lita. Ikiwa urea hiyo yote imechujwa kwenye vitufe, basi lita 70 zingepaswa kuchujwa kila siku, na lita 68 zinyonywe tena. Mtu mzima ana damu lita tano tu mwilini! Hesabu ilikuwa safi, nao wengi wakaona upuuzi wa wazo la Ludwig umeanikwa juani. Hesabu za Heidenhain ndizo zinazonifanya niipende historia hii, kwa sababu tutazikuta tena mbele.

Mwamuzi wa ugomvi alikuwa chura. Huko Philadelphia, katika University of Pennsylvania, Alfred Newton Richards na daktari kijana Joseph Wearn walikuwa wakijaribu tangu mwaka 1921 jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya: kuingiza sindano ndani ya kikombe kimoja cha figo moja na kuteka kilichomo. Figo ya chura ilifaa kwa sababu ukingo wake ni mwembamba kiasi kwamba mwanga hupita, na chini ya hadubini vitufe huonekana, na damu ikipita ndani yake. Fikiria kazi yenyewe. Mrija wa kioo unapashwa moto ukavutwa hadi ncha yake ikawa nyembamba kuliko unywele. Ncha inasogezwa kwa skrubu, si kwa mkono, maana mkono wa binadamu hutetemeka. Chura akitikisika kidogo, kazi ya asubuhi nzima imekwisha. Ukifaulu, unapata tone ambalo macho matupu hayalioni, na bado inakubidi ulipime lina nini.

Mwaka 1924 walitoa majibu. Katika tone la kikombe mlikuwa na sukari na mlikuwa na chumvi. Katika mkojo wa kibofu cha chura huyohuyo hapakuwa na sukari, na chumvi ilikuwa karibu imekwisha. Protini haikuwemo katika tone. Maana yake haikuhitaji falsafa: vitu vilimwagwa vyote kwenye kikombe, na njiani vilivyotakiwa viliokotwa. Ludwig, aliyekuwa kaburini tangu mwaka 1895, alikuwa amesema kweli.

Hapo ndipo mfano wetu wa kila siku unapopungua. Redioni na kliniki tunaambiwa figo ni chujio, na msikilizaji wa pwani huona kifumbu cha tui. Kwenye kifumbu, machicha hubaki na tui hupita, mambo yakaisha. Figo hufanya zaidi ya hapo, na lililo kubwa hufanyika baada ya kuchuja. Mfano wa karibu zaidi ni siku ya kupaka chokaa chumba. Unatoa vyote nje: kitanda, sanduku, viatu, magazeti ya zamani, kopo usilojua limetoka wapi. Kisha unarudisha unavyovitaka kimoja kimoja. Kinachobaki uani jioni ndicho takataka, hata kama hukijui jina. Nadhani huu ndio ujanja mkubwa kabisa wa figo. Kama zingesubiri kutambua kila sumu ndipo ziitoe, sumu mpya ambayo mababu zetu hawakuwahi kuila ingetuua. Zinatambua vyetu tu. Visivyo vyetu vinabaki nje vyenyewe.

Smith alikuwa mtu wa kundi hili jipya la akina Richards, ila alikuwa na kichaa chake. Hakutosheka kujua figo inafanya nini. Alitaka kujua imekuwaje hivyo. Na kama ni desturi ya kumwaga lita nyingi za maji kisha kuyaokota, ilitoka wapi? Akaanza kuwauliza samaki. Samaki wa maji baridi, alifikiri, huingiwa na maji kila saa kupitia ngozi na matamvua kwa kuwa damu yake ina chumvi nyingi kuliko ziwa. Kwake figo ni pampu ya kumtoa maji asivimbe. Samaki wa baharini ana shida kinyume chake: maji ya mwili wake huvutwa nje na chumvi ya bahari. Mnamo 1930 Smith alionyesha kwamba samaki wengi wa baharini hunywa bahari yenyewe, na chumvi iliyozidi huitoa sana sana kwa njia ya matamvua. Kiumbe wa nchi kavu ana shida ya tatu, ya kukauka. Kati ya maji na nchi kavu kuna nani? Kuna kamongo.

Maji yanapokauka, kamongo hujichimbia kwenye tope, akajikunja mkia ukafunika kichwa, akatoa ute mwilini mwake unaokauka ukawa kama gamba la karatasi ngumu, na kuacha tundu dogo mdomoni la kupitisha pumzi. Humo hukaa miezi. Wenzake wa jamii hiyo wamekaa hata miaka. Hali wala hanywi. Hujilisha misuli yake mwenyewe.

Hapo ndipo swali la mkojo linapoacha kuchekesha. Anayekula misuli anachoma protini, na protini ikichomwa hutoa amonia, ambayo ni sumu kali. Samaki akiwa majini hana wasiwasi, kwa kuwa amonia humtoka kwenye matamvua ikapotelea ziwani. Ndani ya gamba hakuna ziwa. Akikojoa, atapoteza maji ambayo hana pa kuyapata. Asipokojoa, atajitia sumu. Smith aliwapima kamongo wakiwa wamelala hivyo, akaona wanavyokata shauri. Amonia huigeuza kuwa urea, ambayo sumu yake ni ndogo mno, figo zinaacha kutoa mkojo, na urea inarundikana mwilini ikangoja. Mvua ikirudi, gamba likilowa, kamongo huzinduka na kuimwaga shehena yote majini.

Sisi nasi ini letu hugeuza amonia kuwa urea kila siku, na urea ndiyo takataka kubwa katika mkojo wetu. Tofauti ni kwamba damu yetu haivumilii kuirundika kama kamongo anavyovumilia. Smith aliporudi kwao aliandika juu ya mambo haya kwenye majarida ya kisayansi kama inavyotakiwa, lakini mwaka 1932 akatoa pia kitabu cha hadithi, mazungumzo ya mwanasayansi na padri ndani ya meli kuhusu maana ya maisha. Kitabu kilipendwa sana Marekani. Jina lake ni Kamongo. Sijui neno lingine la Kijaluo lililowahi kukaa kwenye jalada la kitabu kilichosomwa na Wamarekani wengi namna hiyo kabla ya majina ya Wajaluo wenyewe kuanza kutokea majaladani.

Kazi kubwa zaidi ilikuja baadaye, na haikuwa na ziwa wala meli. Ilihitajika namna ya kumpima binadamu bila kumchoma sindano ya figo. Smith na mwenzake James Shannon walihitaji kitu kinachopita kwenye kitufe bila kizuizi, kisha kijirija kisikirudishe hata chembe wala kisikiongeze. Walikipata katika mizizi ya ua la dahlia: unga wa jamii ya sukari unaoitwa inulini. Richards naye, kwa njia yake, alifikia inulini hiyohiyo. Ukiitia inulini kwenye mshipa wa mtu, ukapima kiasi kilichomo kwenye damu na kiasi kinachotoka kwenye mkojo kwa dakika, hesabu ya darasa la saba itakupa maji ya damu yaliyochujwa kwa dakika hiyo.

Jibu lilikuwa mililita 125 hivi. Zidisha kwa dakika za siku nzima upate lita 180.

Heidenhain alikuwa ameziona lita 70 akasema haiwezekani. Kiasi chake hakikufika hata nusu ya kweli. Lita 180 ni madumu tisa ya lita 20, yale tunayopanga foleni nayo bombani, na yote hupita kwenye vitufe milioni moja hivi vya kila figo kati ya alfajiri moja na nyingine. Maji ya damu, ambayo ni lita tatu tu, huchujwa upya mara 60 kwa siku. Ndiyo maana moyo huzipa figo karibu robo ya damu yake yote ingawa uzito wao haufiki hata asilimia moja ya mwili. Katika madumu hayo tisa mna chumvi ya kilo moja na nusu, pakiti tatu za dukani za nusu kilo, na karibu yote hurudishwa. Sukari hurudi yote. Ikizidi kwenye damu kupita uwezo wa vijirija kuiokota, iliyobaki humwagika, inavuta maji nayo, na mtu anaanza kwenda haja ndogo kila mara, kiu isimwishe, sisimizi wakijikusanya pale alipokojoa. Wazee walilijua jambo hilo la sisimizi kabla ya maabara.

Hata Bowman hakuwa amekosa kabisa. E. K. Marshall wa Baltimore alionyesha tangu mwaka 1923 kwamba kuta za vijirija huweza pia kuutema uchafu moja kwa moja, na baadaye akaonyesha samaki wa baharini wasio na vitufe kabisa lakini wanakojoa. Sisi tuna njia zote mbili. Mfano mchungu wa njia ya pili ulionekana Oxford mwaka 1941, askari polisi mmoja alipokuwa miongoni mwa wagonjwa wa kwanza kutibiwa kwa penisilini. Dawa ilikuwa chache, na figo zake ziliitupa nje upesi kuliko madaktari walivyoweza kuimimina. Mkojo wake ukawa unakusanywa, unapelekwa maabara, dawa inatolewa humo na kurudishwa mwilini mwake. Alipata nafuu ya kushangaza, kisha dawa ikaisha, naye akafariki Machi mwaka huo. Mwaka huohuo Marekani ilianzisha kamati ya utafiti wa tiba ya wakati wa vita, ambayo baadaye ilisukuma penisilini itengenezwe kwa wingi. Mwenyekiti wake alikuwa Richards, yule wa chura.

Smith mwenyewe hakuwa nabii. Mwaka 1951 watafiti wa Basel, Uswisi, walionyesha jinsi mkojo unavyokolezwa. Kila kijirija kina kitanzi kinachozama katikati ya figo na kupanda tena, alichokuwa amekieleza Jakob Henle mwaka 1862 bila kujua kazi yake. Maji yakishuka upande mmoja na kupanda upande wa pili, chumvi hulimbikizwa kule chini hadi eneo hilo linakuwa na ukali mara nne kuliko damu. Ubongo ukituma homoni ya kuzuia maji, maji huvutwa kutoka kwenye mrija wa mwisho kwenda kwenye chumvi hiyo, na mkojo unatoka kidogo, wa rangi ya chai. Homoni ikikosekana, maji hupita bure. Pombe huizuia homoni hiyo, jambo ambalo mlango wa choo cha baa unaweza kulitolea ushahidi. Smith, wakati huo akiwa mfalme wa elimu ya figo duniani na mwandishi wa kitabu chake cha kurasa zaidi ya elfu moja, aliibeza hoja ya Basel. Ilimchukua miaka kukiri. Na lile wazo lake kwamba wanyama wote wenye uti wa mgongo walianzia kwenye maji baridi, ndiyo maana wana vitufe, siku hizi linakubaliwa na wachache; ushahidi mwingi unaelekeza baharini. Hilo halimpunguzii kitu. Alimwendea kamongo kwa hoja yenye kasoro akarudi na majibu mazuri.

Mashine za kusafisha damu zilikuja miaka hiyohiyo ya Smith, kwa mikono ya watu wa aina nyingine. Willem Kolff, daktari wa mji mdogo wa Kampen, Uholanzi, ikiwa imekaliwa na Wajerumani, alizungushia mrija wa selofani, ule wa kufungia soseji, kwenye pipa la mbao linalozunguka ndani ya maji ya chumvi. Alimtibu mgonjwa wa kwanza mwaka 1943. Karibu wote walikufa hadi Septemba 1945, alipopona mwanamke wa miaka 67, mfungwa aliyeshukiwa kushirikiana na Wanazi. Mashine ya Kolff na wajukuu wake wote hufanya nusu ya kwanza tu ya kazi. Hazijui kurudisha. Fundi ndiye anayechanganya maji ya nje ya mrija yawe na chumvi sawasawa, ili vyetu visitoroke, na anafanya hivyo kwa saa nne hivi, mara tatu kwa wiki, kazi ambayo figo huifanya saa zote. Ndiyo sababu ya kupandikiza figo, kulikofaulu kwanza Boston, Desemba 1954, kati ya mapacha wa kufanana, na kwetu Tanzania, Muhimbili, Novemba 2017.

Inulini haitumiki hospitalini siku hizi ila kwa nadra. Nafasi yake imechukuliwa na kreatinini, takataka ya misuli ambayo mwili huitengeneza wenyewe kila siku kwa kiasi kilekile. Ukipimwa damu, kutokana na kreatinini hukadiriwa mililita zinazochujwa kwa dakika, kiasi kilekile walichokitafuta Smith na Shannon. Kijana mzima huwa juu ya 90. Chini ya 15, mara nyingi ni mashine au figo ya kupandikizwa. Ubaya wake ni kwamba kreatinini haipandi kwa wazi hadi kama nusu ya uwezo wa figo umeshapotea, na mtu huyo hasikii maumivu yoyote. Kwa hiyo, msomaji, kama una kisukari au presha, au mzazi wako anavyo, usiishie kuambiwa figo ziko sawa. Omba karatasi, utafute mstari wa kreatinini, uandike tarehe na namba mahali usipopoteza, na mwakani uilinganishe.